Mwamba wa Bonde la Majimbi

Nchi ninayoisimulia haipo, kwa hiyo msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ikitokea mkaikuta karibu na kwenu, hiyo ni bahati mbaya, mimi simo. Inaitwa Jamhuri ya Mchakato, na ukitaka kujua ikoje, muulize afisa yeyote jambo lolote. Atakwambia lipo kwenye mchakato. Barabara ipo kwenye mchakato, maji yapo kwenye mchakato, na hata cheti changu cha kuzaliwa kiliingia kwenye mchakato nikiwa kitandani kwa mama, kikatoka nikiwa na ndevu.

Mimi ni msomi. Nalisema mapema ili mtu asije akanitegemea kwa jambo la maana. Nina shahada ya uzamili ambayo duniani kote tunayo watu wawili tu, na mwenzangu siku hizi ni mshereheshaji wa harusi. Shahada yenyewe inaitwa Mipango Miji, Ujasiriamali na Jiofizikia. Ilizaliwa hivi. Chuo Kikuu cha Taifa kilikuwa na idara tatu na kiyoyozi kimoja, na kila idara ilidai kiyoyozi ni chake. Baraza la chuo lilikaa vikao kumi na moja, kwa chai na sambusa, likaamua kwamba njia ya haki ni kuziunganisha idara zote tatu ziwe moja, zihamie kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kiyoyozi kiliharibika wiki hiyohiyo, ila shahada ikabaki.

Mnacheka, lakini mimi niliipokea kwa mikono miwili. Nilijiambia, wenzangu watakuwa na fani moja moja, mimi nitakuwa nazo tatu. Kwenye mipango miji tulifundishwa kuchora mji. Kwenye ujasiriamali tulifundishwa kuuza mji kabla haujajengwa. Na kwenye jiofizikia tulifundishwa kupiga ardhi kwa nyundo, kutega vinasa mitetemo ili visikilize ardhi inajibu nini, kisha kompyuta inakuchorea kilichomo chini bila mtu kuchimba. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonivimbisha kichwa. Nilianza kutembea mjini huku naangalia chini na kutikisa kichwa, watu wakadhani nimeangusha pochi.

Aliyenisomesha ni mama mdogo Siwema, mdogo wake marehemu mama yangu. Analima Bonde la Majimbi, ng'ambo ya uwanja wa ndege, mchicha sehemu kavu na majimbi sehemu yenye maji. Kwa mchicha huo nilisoma tangu darasa la kwanza mpaka uzamili, na uzamili wenyewe ulikuwa umefika mwaka wa tisa. Watu wakimuuliza mwanao anasomea nini, alikuwa anajibu, "Anasomea udongo." Nilikuwa naona aibu jamani. Nilitaka aseme jiofizikia.

*

Sasa nieleze habari ya jiwe, maana bila jiwe hakuna hadithi.

Katika Jamhuri ya Mchakato mji hauanzi na maji, wala barabara, wala watu. Unaanza na jiwe la msingi. Waziri mpya akiapishwa, kabla hajajua choo cha ofisi kiko wapi, anaweka jiwe. Jiwe likishawekwa, ndipo wataalamu wanatumwa kwenda kutafuta sababu za kuliweka pale. Basi Mheshimiwa Mtandika, Waziri wa Miji Ijayo, akaweka jiwe la Jiji la Kesho katika Bonde la Majimbi, kwa kuwa bonde liko jirani na uwanja wa ndege na yeye alikuwa na safari saa saba. Siku hiyo alitamka maneno ambayo nimeyanukuu kwenye dibaji ya tasnifu yangu: "Ndugu wananchi, mji huu, ambao haupo, tayari ni mzuri kuliko miji yote iliyopo."

Na mimi nilikuwepo, lakini si kwa usomi wangu. Somo la ujasiriamali linamtaka kila mwanafunzi awe na biashara hai, la sivyo hahitimu, na biashara yangu ilikuwa kukodisha pazia. Ni lile pazia la buluu ambalo mheshimiwa anavuta kamba, jiwe linaonekana, watu wanapiga makofi. Nilikodisha pazia, kamba, na mkasi wa akiba. Katika miaka yangu tisa ya masomo nilipeleka pazia lilelile Bonde la Majimbi mara tatu, kwa mawaziri watatu, na mara zote sikujiuliza jiwe la mara iliyopita lilikwenda wapi. Nilijisemea tu kwamba bonde ni kubwa.

Wiki ya pili baada ya sherehe, msimamizi wangu akaniita ofisini. Jina lake rasmi ni Profesa Dokta Mhandisi Balozi Mstaafu Kitogo, na ni lazima liandikwe lote kila linapotajwa. Tasnifu yangu ina kurasa mia nne, na kama kumi na tano hivi ni jina lake. Akaniambia Wizara inataka utafiti wa kuthibitisha kwamba ardhi iliyo chini ya jiwe ni imara. Nikauliza, je, ikionekana si imara? Akanitazama kwa huruma. Akasema swali hilo ni zuri sana kwa mtu wa uzamivu, ila mimi niko uzamili. Kisha akanikumbusha sheria ya chuo, kwamba mwanafunzi akiingia mwaka wa kumi hajamaliza, jina lake linafutwa kama vile hakuwahi kusoma. Nikatoka mle na mada mkononi: "Uthibitisho wa Kisayansi wa Uimara wa Eneo Ambalo Jiwe la Msingi Limekwishawekwa: Mtazamo wa Kijasiriamali."

*

Asubuhi ya kwanza nilifika bondeni na nyundo ya kilo nane, vinasa mitetemo ishirini na vinne, waya wa mita mia mbili, viatu vya ngozi na tai. Mama mdogo alikuwa ameinama kwenye majimbi. Akainuka, akanikagua kuanzia tai mpaka viatu.

"Usisimame hapo, Masudi," akaniambia. "Simama huku nilipo."

Nikamweleza taratibu kwamba mahali pa kusimama pamepangwa na ramani. Sijamaliza sentensi, mguu ukazama mpaka gotini, na kiatu kile sijakiona hadi leo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, lilizama tu, labda ndiyo maana sikujifunza kitu. Mama mdogo alinivuta kwa mpini wa jembe, akavua ndala zake akanipa, naye akabaki peku. Nikaendelea na sayansi nikiwa na tai shingoni na ndala za waridi miguuni.

Nilipofika karibu na jiwe la Mheshimiwa, alinifuata. Alikuwa na jambo la kuniambia. Akaanza kusema kwamba hilo jiwe ninaloliona, hapo chini yake, na mimi nikainua mkono kumzuia, kwa adabu zote. Nikamfahamisha kwamba maoni ya wakazi yako sura ya nne, na sisi tungali sura ya tatu, vipimo, kwa hiyo akisema sasa atanivurugia utafiti. Akarudi kwenye majimbi yake. Mtu aliyelima bonde lile miaka thelathini na minane alitaka kunipa bure kile nilichokuwa nakitafuta kwa nyundo, nami nikamwambia angoje sura yake. Na sura yake ilipofika, muda ulikuwa umekwisha. Niliiandika mwenyewe nimekaa mezani, nikaweka kwamba asilimia tisini na nne ya wakazi wanaunga mkono mradi. Ile sita niliiacha ili ionekane kweli.

Lakini vipimo sikuvipika, hilo nataka lieleweke. Nilipiga nyundo siku kumi na mbili, bonde zima, na kompyuta ikawa inanichorea tope. Tope juu, tope katikati, tope mpaka mita thelathini. Nikaanza kuuona mwaka wa kumi unakuja na kifutio mkononi. Siku ya kumi na tatu nikapiga ubavuni kabisa mwa jiwe la Mheshimiwa, na kompyuta ikachora mwamba. Mwamba mgumu, unaanza mita moja chini, unashuka mpaka mita kumi, umesimama wima, mita moja kwa mita moja, na pembe zake nne zimenyooka. Kila baada ya nusu mita palikuwa na mstari mwembamba wa kulala. Nililia. Wallahi nililia, mtu mzima, peke yangu kwenye matope.

Profesa aliutazama mchoro muda mrefu. Akakiri kwamba kwa kawaida miamba haina pembe za mraba, ila huu ni mwamba wenye nidhamu. Akahesabu matabaka, akapata kumi na manane, akasema kila tabaka ni zama yake ya kale. Hapohapo akaupa jina: Mwamba wa Mtandika. Ukaingia kwenye kitabu cha jiografia cha darasa la sita kabla hata tasnifu yangu haijachapwa.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya fani yangu ya kwanza. Watu wa mipango miji tuna utaratibu wa kuchukua sehemu moja na kuieneza kwenye eneo zima. Basi mwamba wa mita moja kwa mita moja nikaueneza ekari mia mbili, na bonde lote likawa imara kwenye karatasi. Penye majimbi ya mama mdogo pakaota jengo la ghorofa arobaini. Penye nyumba yake pakawa maegesho ya magari. Nililiona hilo, nisiwadanganye. Nilijituliza kwamba atapata fidia, na fidia ilikuwa kwenye mchakato.

*

Wiki tatu kabla ya siku yangu ya kutetea tasnifu, watu wa Wizara walipita bondeni na ndoo ya rangi nyekundu. Wakapiga alama ya X kwenye mlango wa mama mdogo na kumbandikia notisi ya siku thelathini. Penye nafasi ya sababu waliandika: rejea tasnifu ya Masudi, ukurasa wa 212.

Akanipigia simu. Hakulalamika. Aliuliza tu ukurasa huo unasema nini. Nikamjibu kwamba ni mambo ya kitaalamu. Akasema basi siku hiyo atakuja kusikiliza.

Kutetea tasnifu kwetu ni shughuli. Mtahiniwa anawalisha wanajopo, na kila mtu anajua kwamba pilau ikiwa kavu maswali yanakuwa magumu, kwa hiyo nililisimamia sufuria kuliko nilivyosimamia sura ya nne. Ndugu na majirani walikuja na kanga zao na vigelegele. Mama mdogo alikaa safu ya mbele na kikapu cha majimbi ya kuchemsha, zawadi kwa walimu wangu. Mtahini wa nje, mzee mmoja mwembamba aliyeletwa kwa ndege, alilala mapema kwenye sura ya kwanza. Mimi nikaupandisha Mwamba wa Mtandika ukutani kwa rangi zote, matabaka yake kumi na manane yanang'aa, na jiwe la Mheshimiwa juu yake.

Kwa desturi, mwishoni Profesa anauliza kama kuna swali kutoka ukumbini, na kabla hajafunga mdomo anasema hakuna. Siku ile alipouliza, mama mdogo alikuwa ameshasimama.

"Huo mwamba naufahamu," alisema. "Hayo ni mawe yenu. Kila moja likizama mnaleta lingine, na hema la wageni mnalipiga palepale. Hilo la juu ni la Mtandika. La chini yake ni la Kengewa, lilikaa mwezi mmoja tu."

Akaendelea kushuka. Alinyoosha kidole kwenye mchoro wangu, mstari kwa mstari, akataja la yule waziri mrefu aliyeanguka kwenye matope mbele ya mabalozi, la yule aliyelia wakati wa hotuba, la yule aliyekamatwa kabla jiwe lake halijakauka saruji. Mpaka chini kabisa, la kumi na tisa, lililowekwa mwaka alioolewa akaletwa bondeni. Alikuwa anausoma mchoro wangu vizuri kuliko mimi. Jiwe la pili na la tatu kutoka juu, nilikumbuka, niliyafunika mimi mwenyewe kwa pazia langu la buluu.

Nilielewa. Sitaki kujifanya kwamba nilielewa baadaye, nilielewa palepale, na moyo ukanipiga mpaka nikahisi vinasa mitetemo vingeusikia. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu: ni kweli. Nyumba yake ingebaki, na mimi ningefutwa. Profesa alikuwa ananitazama. Sufuria ya pilau ilikuwa imeshafunuliwa. Nikaiweka tai yangu sawa.

"Tunashukuru kwa mchango," nikasema. "Tutauchukua kama maoni ya wadau."

Ukumbi ukapiga makofi. Mama mdogo akakaa. Afadhali angenikasirikia. Alinitazama tu kama anavyolitazama jimbi zuri kwa nje ambalo amelikata akakuta limeoza. Mtahini wa nje akazinduka, akasema amevutiwa sana na matabaka, na akapendekeza nifaulu kwa heshima za juu. Majimbi yale wanajopo waliyala yote.

*

Tingatinga lilikuja siku ya ishirini na tisa, yaani siku moja kabla ya notisi kwisha. Tangu tupate uhuru, hilo ndilo jambo pekee ambalo serikali yetu imelifanya kabla ya wakati. Nilipofika nyumba ilikuwa imeshalala chini. Mama mdogo alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, sufuria zake tatu pembeni, mlango wenye X ameuegemeza kwenye mti. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya pole, yenye utangulizi na hitimisho. Hakunipa nafasi.

"Mawaziri kumi na tisa walikuja hapa kunitoa, Masudi. Wote walikuja na mdomo. Wanaweka jiwe, wanaondoka, sisi tunalima miaka miwili kwa amani mpaka aje mwingine. Wewe ndiye uliyekuja na ushahidi."

Nilibeba sufuria. Nikamsihi aje akae kwangu, akakataa, akaenda kujibanza kwa jirani upande wa pili wa uwanja wa ndege. Wiki hiyo sikula vizuri. Nikafanya jambo la kwanza la maana katika maisha yangu ya usomi: niliandika barua chuoni, nikaeleza mwamba ni nini hasa, nikaomba nivuliwe shahada.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitano. Lilisema ombi langu limepokelewa kwa furaha, ila shahada yangu haiwezi kufutwa kwa kuwa imekwishawekewa jiwe la msingi. Na ni kweli. Mheshimiwa Mtandika alikuwa amehamishwa, akaja Mheshimiwa Kirumbi, mama mchangamfu aliyekuwa na safari saa sita, akaweka jiwe la ishirini. Chini ya jina lake walichonga: "Kwa kuzingatia utafiti wa Masudi, Mkurugenzi wa Jiji la Kesho." Mkurugenzi ndiye mimi. Mtauliza kwa nini sikukataa. Nilikusudia kukataa, nikaenda ofisini kupeleka barua ya kukataa, nikakuta ofisi ina kiyoyozi kinachofanya kazi. Pazia la siku ile lilikuwa langu pia.

*

Jengo la ghorofa arobaini lipo kwenye mchakato. Baada ya sherehe hakuna aliyerudi bondeni, isipokuwa mama mdogo. Wiki ya pili tu alijenga kibanda cha mabati nyuma ya bango letu kubwa lililoandikwa "Eneo la Mradi, Hairuhusiwi Kuingia." Alipachagua kwa akili. Hakuna anayeingia pale, hata serikali.

Mimi ilinichukua mwaka mzima kupata uso wa kwenda. Nilikwenda Jumapili moja, masika yameanza, na kilo mbili za sukari, bila tai. Alikuwa ameinama kwenye majimbi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinuka. Nikatupa macho kulitafuta jiwe. Penye jiwe palikuwa na maji na chura mmoja.

"Lako limeingia Ijumaa," akasema, mgongo bado umeinama. "Nilikuwa naliangalia. Lilitangulia upande wenye jina."

Nilicheka. Halafu nikaona siwezi kuendelea kucheka, nikamwambia mama mdogo nisamehe. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta.

Nikatoa daftari. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya sura ya nne, kama bado hajachoka kungoja. Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza kabla sijanunua nyundo: katika bonde hili lote, ardhi ngumu iko wapi? Akainuka, akajipangusa tope mikononi kwa pindo la kanga. Hakutazama daftari. Alitazama miguu yangu.

"Usisimame hapo, Masudi," akasema. "Simama huku nilipo."

Safari hii nikasogea.